Wiki ya tano tangu nibadilishiwe nyonga, bosi ananitaka Jumatatu

MtuWaRangiTatu: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Nina miaka 38, niko ghala moja Barabara ya Nyerere. Nimewekewa nyonga bandia kulia, kidonda kimefunga, natembelea gongo moja. Bosi ananitaka Jumatatu. Niende au nisubiri? Usingizi sipati.

MamaKiluvya: Pole mwanangu. Mdogo wangu ana selimundu, mfupa wa nyonga ulikosa damu ukafa hajafika hata miaka 30. Alipobadilishiwa, kilichotutesa ni choo. Tulinunua kiti cha plastiki, fundi akakitoboa katikati. Chako kikoje?

Mzaramo_Asilia: Vijana mna haraka ya kisu. Babu yangu alianguka mnazini, akagangwa, akalima tena.

Fizio_Upanga: Babu alivunjika, huyu kiungo kimesagika. Mkuu, ghalani unafanya nini hasa? Wa mezani wengi hurudi wiki ya 6 hadi ya 12. Wa kubeba vitu vizito ni miezi 3 au zaidi.

MtuWaRangiTatu: Niko stoo.

Fizio_Upanga: Stoo unaandika au unabeba?

MtuWaRangiTatu: Napakia saruji, mifuko ya kilo 50. Ila nimeshapanga na wenzangu, watabeba wao, mimi nihesabu. Na bosi hajui kuhusu nyonga, nilimwambia ngiri. Mkataba unaisha mwezi ujao, akisikia nina chuma mwilini hanipi mwingine. Msinilaumu, nina watoto wawili shule.

Karani_Temeke: Hapo umejifunga mwenyewe. Sheria ya Ajira ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 nusu, ilimradi umemaliza miezi 6 kazini. Lakini inataka cheti cha daktari. Utapeleka kilichoandikwa nyonga wakati ulisema ngiri?

Kaka_Tabata: Hii chai. Mpakia saruji ametoa wapi mamilioni ya nyonga? Na wiki ya tano gongo moja tu?

Fizio_Upanga: Gongo moja wiki ya tano ni kawaida kabisa.

Kaka_Tabata: Na hela?

MtuWaRangiTatu: Bima ya mke wangu, mwalimu. Iliyopungua tuliuza kiwanja Chanika. Ndugu yangu, jana nimejaribu daladala, mguu ukagoma kupanda ngazi, konda akanisukuma kiunoni. Nililia mbele za watu. Chai inaliza?

Dalali_Gongolamboto: Chanika upande gani? Mliuza bei gani?

Karani_Temeke: Dalali, heshimu uzi. Mkuu, mwone daktari kabla ya Jumatatu, aandike kazi gani unaweza na kwa muda gani. Kisha mwambie bosi ukweli.

MtuWaRangiTatu: Kliniki ni Alhamisi ijayo. Jumatatu nitakwenda, nihesabu tu.

MamaKiluvya: Mwanangu, hukunijibu. Choo cha huko ghalani kikoje?

MtuWaRangiTatu: Cha kuchuchumaa, mama.

Fizio_Upanga: Basi usiende. Ukichuchumaa sasa hivi inaweza kuchomoka.