Naombeni ushauri: darasa la wanaoulizia Ukristo, tunaanza mwezi wa 9 hapa Mbeya

Mdadisi_Sae

Wakuu shalom, na wasio wa shalom habari zenu.

Usharika wetu (KKKT, jina kapuni) umekubali tufungue darasa la majadiliano kwa watu wanaotaka kuujua Ukristo kabla hawajaamua lolote. Waliojiandikisha ni 19: wapo ambao hawajabatizwa kabisa, wapo waliobatizwa utotoni wakakaa pembeni miaka mingi, kuna Msabato mmoja na Waislamu wawili walioomba kuja kusikiliza. Tumepewa ukumbi mdogo Jumapili kuanzia saa 10 jioni, pamoja na hela ya chai. Timu ni watu sita, wanne ni wanakwaya.

Tuchukue kozi ya Alpha kama ilivyo au tusome Injili moja wenyewe? Wiki ngapi? Na mtu akitupa swali zito mezani, nani ajibu? Mzee mmoja wa kanisa anataka kila kipindi kiishe kwa kuita watu mbele waokoke. Sikumbishia kwa sababu ni mzee, lakini moyo wangu umesita.

---

Mwl_Igawilo

Mkuu, anza na swali lako la tatu, maana ndilo linaloua madarasa haya. Jibu: mwenye meza, yaani anayeongoza mazungumzo ya kundi moja, hajibu. Kazi yake ni kuuliza, kunyamaza, na kuuliza tena. Mgeni akisema "mimi naona Yesu alikuwa mwalimu tu," mwenye meza anasema "Nini kimekufanya uone hivyo?" kisha anageukia wengine: "Wenzangu mnaonaje?" Akijibu yeye, meza nzima inageuka darasa la kipaimara: mmoja anafundisha, tisa wanaitikia. Wiki ya tatu hawarudi, na watakuaga kwa adabu sana, kwa hiyo hutajua kilichowakimbiza.

Kuhusu Alpha. Ilianza 1977 katika kanisa la Holy Trinity Brompton, London, ikiwa mafunzo ya wiki nne kwa Wakristo wapya. Nicky Gumbel alipoipokea 1990 ndipo ikaelekezwa zaidi kwa watu walio nje ya kanisa. Muundo wake ni chakula, mada, kisha mazungumzo, kwa majuma kama 10 au 11, na katikati kuna siku moja au mbili za pamoja kuhusu Roho Mtakatifu. Muundo huo uchukueni wote. Ila msitegemee video: umeme ukikatika hamna kipindi, na mgeni anayesoma maandishi chini ya picha hana nafasi ya kufikiri. Mtu wenu asimame aseme kwa Kiswahili dakika 20. Akifika 25 mgongeeni kikombe.

Kwa kundi lenu ningechukua Injili ya Marko. Ni fupi kuliko zote nne, sura 16, na mtu huimaliza kwa saa moja na nusu hivi akisoma bila kusimama. Mpangilio wa wiki nane:

Wiki ya kwanza msisome kitu. Kila mtu apewe kipande cha karatasi aandike swali moja ambalo angependa lijibiwe kuhusu Mungu, bila jina, atupe kwenye ungo. Mkirudi nyumbani yapangeni, maana hayo ndiyo yatakayowaonyesha mada zikaze wapi. Wiki ya pili Marko 2:1-12, mtu aliyeshushwa kupitia darini. Ya tatu 4:35 hadi 5:20, dhoruba na mtu wa makaburini. Hapo mambo ya mapepo na waganga yatalipuka, jiandaeni. Ya nne 8:27-38, Yesu anapowauliza wanafunzi wanamwona yeye kuwa nani. Ya tano 10:17-31, tajiri aliyeondoka na huzuni. Ya sita kusulubiwa, 14:32 hadi 15:39, na hapo someni tu kwa sauti kwa kupokezana, mada iwe dakika 10. Ya saba 16:1-8. Mtu atauliza kwa nini mmeishia mstari wa 8: mwambieni ukweli, kwamba mistari 9 hadi 20 haimo katika nakala mbili kongwe za Kigiriki, Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4. Msifiche. Mgeni akija kuligundua mwenyewe kwenye simu yake, mmempoteza. Ya nane rudini kwenye ungo.

Swali la meza liwe lile ambalo hata wewe huna uhakika nalo. "Je, ni kweli Yesu anasamehe dhambi?" ni swali bovu, linataka "ndiyo" tu. Zuri: "Huyu kaletwa kwa sababu hawezi kutembea. Kwa nini Yesu anaanza na dhambi?" Ukishauliza, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Wanakwaya hawawezi kuvumilia kimya, wafundisheni kabla.

Tafsiri tumieni Habari Njema, wote ileile. Union ya 1952 ni tamu kwa mliokulia kanisani, lakini mgeni atapoteza dakika tano akihangaika na maneno badala ya jambo lenyewe. Na msitaje "sura ya tisa mstari wa..." kwa mtu ambaye hajui Agano Jipya linaanzia wapi. Taja namba ya ukurasa.

---

Kamwene_Ipogolo

Kamwene wote. Mwalimu kamaliza mengi, mie nije na jiko na viti, kwa sababu watu huyadharau.

Watu 25 pamoja na timu, kila mmoja vikombe viwili: lita 6 za maziwa, lita 5 za maji, majani vijiko sita vya chakula, tangawizi, sukari ikae kando. Maandazi 60, au viazi mviringo kilo 8 vya kuchemsha na kachumbari. Msabato anaweza asinywe majani ya chai, hivyo wekeni birika la mchaichai bila kutangaza ni la nani. Kitimoto hapana, hata siku ya kufunga kozi. Najua ni Mbeya.

Chai ianze saa 10:00 kamili hata kama wamefika watano. Mada 10:35, majadiliano 10:55 hadi 11:40, saa 11:45 mmefunga, hata kama mazungumzo ndiyo yamepamba moto. Hasa yakiwa yamepamba moto. Atakayebaki kwa hiari yake abaki, ila anayetaka daladala ya kwenda Uyole kabla ya giza aondoke bila kujisikia mkosaji.

Viti vya plastiki, duara, hakuna meza ya mbele, hakuna mabenchi. Wageni 19 wagawe meza mbili, 9 na 10, kila meza mwongozaji mmoja na msaidizi mmoja, wawili waliobaki washike jiko na mlango. Msaidizi kazi yake kubwa ni kukaa kimya na kuona nani hajasema. Wakristo wazoefu wa usharika wanaotaka "kuja kubarikiwa" wazuieni mlangoni kwa upole. Watatu tu wakiingia meza moja, mgeni anaanza kuongea lugha yao na kuficha swali lake.

Kugawa meza angalieni ukwe. Kwa Wanyakyusa mkamwana hakai mbele ya baba mkwe akatoa maoni, na familia nyingi bado zinashika hilo. Mkiwaweka duara moja, wote wawili wamenyamaza wiki nane. Vijana nao hawatambishia mzee wa rika la baba zao, kama wewe mwenyewe ulivyoshindwa huko juu 😀

---

Sikiliza_Kwanza

Mie si wa kanisa lolote, nachangia upande wa anayekaa kwenye hicho kiti.

Kinachomtisha mgeni si mafundisho, ni kutojua anatakiwa afanye nini. "Bwana Yesu asifiwe!" halafu ukumbi unasubiri aitike. Sala ya kushikana mikono wiki ya kwanza. Kuambiwa "ndugu yetu mpya ajitambulishe." Kikapu cha sadaka kinapita. Yote hayo ondoeni mpaka angalau wiki ya nne, na sadaka iondoeni moja kwa moja. Sala fupi ya chakula ya mtu mmoja inatosha.

Simu: ujumbe mmoja siku moja kabla ya kipindi, basi. Asipokuja, ujumbe mmoja wa "tulikukosa," asipojibu mwacheni. Kundi la WhatsApp la kutuma mistari kila alfajiri ndilo njia ya haraka ya kuwafanya watu wafunge simu.

Kuhusu kuitwa mbele: kama tangazo lilisema "njoo uulize," basi kuitwa mbele wiki ya kwanza ni kuvunja ahadi. Mwambieni mzee hivyohivyo.

---

Katekista_Tukuyu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, ila jambo hili ni letu sote.

Msichanganye darasa hili na mafundisho ya ubatizo. Kwetu mtu mzima anapitia ukatekumeni, una hatua zake, na kwa kawaida hubatizwa Mkesha wa Pasaka. Darasa la kuulizia linakuja kabla ya hapo, halimfungi mtu na halimpi cheti. Waambieni siku ya kwanza: "Ukimaliza wiki nane hujawa Mlutheri." Na siku ya mwisho semeni wazi mlango unaofuata uko wapi, ni nani wa kumwona, mafundisho yanachukua muda gani. Madarasa mengi yanamwacha mtu hewani hapo.

Sasa swali ambalo lazima mlikute kwenye ungo, kwa huku kwetu: wazee wetu waliokufa kabla ya 1891 wako wapi? Ndio mwaka Wamoravian na wamisionari wa Berlin walipofika Unyakyusa, na mtu anayeuliza anamfikiria babu wa babu yake kwa jina. Asijibiwe na kijana wa kwaya kwa sekunde tano kwamba wako motoni. Someni Warumi 2:12-16 na Matendo 17:22-31. Upande wetu kuna Lumen Gentium namba 16, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya 1964: asiyeijua Injili bila kosa lake, naye akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuupata wokovu. Walutheri mna namna yenu ya kulisema, hivyo mkaeni na mchungaji kabla ya wiki ya kwanza, si baada ya swali kuulizwa.

La pili, Waislamu wenu wawili. Mkifika wiki ya sita mjue Kurani 4:157 inakanusha kwamba Isa alisulubiwa. Waulizeni wao wameielewaje, wapeni dakika zao, kisha endeleeni kusoma Marko. Isigeuke mhadhara wa uwanjani. Mhadhara una mshindi, na aliyeshindwa harudi.

La tatu ni fupi lakini zito: mtu akianza kuuliza uponyaji, hakuna mwongozaji wa kumwambia mgonjwa aache dawa. Iwe ARV, iwe za presha, za sukari. Liandikeni kwenye karatasi ya timu na kila mmoja asaini.

---

Mdadisi_Sae

Asanteni sana wakuu, nimenakili karibu yote. Shikamoo Katekista, na wewe Mwalimu.

Imebaki siku ya katikati. Timu inataka twende nayo Tukuyu kwa Coaster, Jumamosi nzima, na mmoja ameshaalika muhubiri wa kuwekea watu mikono. Na pili, mgeni mmoja ana umri wa miaka 16.

---

Mwl_Igawilo

Wa miaka 16: ruhusa ya mzazi, ana kwa ana, kabla ya kipindi cha kwanza. Asipandishwe gari la safari wala kuombewa peke yake chumbani na mtu yeyote, awe mchungaji au nani. Hilo halina mjadala.

Jumamosi mnamtoa Msabato wenu. Tukuyu ni kama kilometa 70, kwenda na kurudi mmekula nusu ya siku na fedha yote ya chai. Fanyeni siku ya mapumziko ya taifa isiyoangukia Jumamosi, au Jumapili kuanzia saa 7 mchana, palepale ukumbini. Baada ya wiki ya tano ndiyo mahali pake, kabla hawajafika kwenye msalaba.

Muhubiri mwiteni kwa chai, mwambieni mmeahirisha. Mgeni ambaye wiki ya tano bado anauliza kama Mungu yupo hawezi kuwekewa mikono akajua nini kinatendeka. Ataanguka kwa sababu wengine wameanguka, au atakimbia. Kama mchungaji anataka maombi siku hiyo, ayaongoze mwenyewe, aeleze kwanza kwa dakika tano kitakachotokea, na anayetaka ainue mkono akiwa amekaa kitini kwake. Asiyetaka aende kumwaga maji ya kunawa na timu ya jiko. Mpeni kazi, asikae akitazamwa.

---

Kamwene_Ipogolo

Siku hiyo chakula: mchele wa Kyela kilo 4, maharage kilo 2 na nusu, nyama kilo 4 kutoka bucha ambayo Waislamu wenu wanaiamini. Waulizeni wao ni ipi. Mkikosa, samaki. Maharage yalowekwe usiku, huko juu milimani yanachelewa kuiva.

---

Mdadisi_Sae

Tumekubaliana Jumapili saa 7. Mzee wa kanisa nimempa kazi ya kuwa mlangoni kuwapokea watu na kuwashukuru wakiondoka, amefurahi. Suala la kuita mbele kaliacha kwa mchungaji.