Macho ya mwanangu yatoa machozi bila kulia, nimpake wanja?

Mama Shela: Asalaam alaykum. Jamani naomba ushauri, mwanangu ana miezi mitano, macho yatoa machozi tu hata kama halii, asubuhi kope zimegandana kwa tongo mpaka nimpanguse ndo afumbue. Mamangu asema ni upepo wa kaskazi, huku Shela, kisiwani Lamu, mchanga wajua. Nimpake wanja au nimkamulie maziwa ya kifua? Wenye uzoefu tu.

Bint Langoni: Waalaykum salaam, pole mamii. Wangu wa kwanza nilimpaka wanja na leo yuko darasa la tatu asoma ubao wote. Madaktari wa siku hizi kila kitu wakataza.

Nahodha: Mimi machozi yalinisumbua miaka, nikilaumu upepo wa baharini, kumbe daktari wa macho akaniambia jicho langu ni kavu, likiwashwa na ukavu ndo lajimwagia machozi. Alinipa dawa ya kulainisha na yakapungua.

Nesi wa Amu: Tuzungumze mtoto. Machozi hutengenezwa juu ya jicho upande wa nje, yakishalowesha jicho huingia vitundu viwili kwenye pembe ya ndani, kimoja kope ya juu kimoja ya chini, yakashuka kwenye kifuko kando ya pua halafu mfereji mpaka puani. Ndo maana ukilia makamasi yatoka, na dawa ya macho waisikia uchungu kooni. Watoto wengi huzaliwa na utando umeziba mwisho wa mfereji, na wengi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka. Wanja usimpake, nyingine ina madini ya risasi. Maziwa pia usitie. Sasa niambie, kando ya pua pamevimba? Mboni imeingia ukungu? Akimbia mwanga?

Mama Shela: Mwanga haogopi, mboni safi. Kwani kuvimba kuna nini?

Nesi wa Amu: Dada, pamevimba au hapajavimba?

Mama Shela: Kuna kinundu kwa jicho la kushoto, chekundu, akiguswa alia. Na jana usiku mwili ulichemka. Lakini si kikubwa, na bibi yake ashaongea na mzee mmoja aje kesho akitumbue, mkono wake mwepesi, ametibu majipu mengi hapa mtaani. Hospitali ni foleni na mume wangu yuko baharini.

Jicho Kali: Ngojeni kwanza. Juu ni macho mawili, sasa ni kushoto peke yake, na akaunti ni ya leo. Hii stori imetungwa, subirini ataleta namba ya kuuza mafuta.

Mama Shela: La kulia lilikoma lenyewe wiki iliyopita! Nina mtoto mgonjwa mkononi wewe wakagua akaunti?

Bint Langoni: Jicho Kali una roho mbaya wallahi.

Nesi wa Amu: Kama ni uongo nimepoteza dakika mbili, kama ni kweli mtoto ana kifuko cha machozi kilichoingia usaha na homa juu. Ataka dawa leo hii, usaha ukisambaa nyuma ya jicho ni hatari kubwa. Asitumbue mtu, pale paweza kubaki tundu lisilofunga. Usimbonyeze wala kumsugua. Nenda hospitali ya King Fahd, Amu mjini, sasa.

Mama Shela: Mamangu asema tumngoje mzee aone kwanza.

Nahodha: Mama mwambie nimemwamkia, lakini mzee hana dawa ya homa ya kichanga. Shuka gati sasa hivi, boti za Amu zipo.

Mama Shela: Haya namfunga kanga. Nikifika niseme nini?

Nesi wa Amu: Sema miezi mitano, homa, uvimbe mwekundu kando ya pua. Na wanja kama ushampaka, useme.

Mama Shela: Nishampaka. Nitasema.