Bushi za springi za Land Rover 109: nikereze za nailoni au ninunue tena za dukani?

Mwenye_109
Wakuu, habari za muda huu. Nina Land Rover 109 Series III, pikapu, nipo Karatu. Bushi za springi za nyuma, vile vibomba vyenye mpira vinavyoshika bolti za springi, zimekwisha, kila korongo shekeli (vyuma vinavyoning'iniza springi kwenye chesisi) zinagonga. Za dukani nilifunga msimu uliopita, mpira umeshaachana na bomba lake. Fundi mmoja anataka kunikatia za tairi kuukuu, mwingine anasema atanikerezea za nailoni. Halafu sakafu ya miguuni kwa dereva imeliwa na kutu, nina kipande cha bati la aluminiamu nataka kuzibia. Gari ni la kubebea mahindi na maji, si la maonyesho.

Mkereza_Vyuma
Tairi achana nayo mkuu. Ina nyuzi ndani, ukiipigilia kwenye jicho la springi, yaani tundu la nchani, inachanika tabaka kwa tabaka.

Nailoni inawezekana, ila ujue unabadilisha utaratibu mzima. Bushi ya asili ina bomba la nje, mpira, na bomba la ndani. Bolti inalibana bomba la ndani lisizunguke, mpira ndio unaojinyonga springi inapocheza. Nailoni hainyongeki, inateleza. Kwa hiyo inataka grisi: achonge mfereji wa grisi ndani, na aache nafasi kidogo, maana nailoni hunywa maji ikavimba. Ikikerezwa ya kubana sana, masika itakamata. Na mtikisiko wote utahamia kwenye chesisi, kwa hiyo kwanza kagua masikio yake, pale springi zinapofungwa, kama hayana ufa.

Dada_Gia
Kabla hujakereza chochote, nijibu: hizo za dukani, bolti zilikazwa gari likiwa wapi?

Mwenye_109
Juu ya mawe, magurudumu yananing'inia. Fundi alimaliza kila kitu ndipo akashusha.

Dada_Gia
Basi usiulaumu mpira peke yake. Ukikaza springi zikiwa zimening'inia, siku gari linapokaa chini mpira unakuwa umeshanyongwa tayari, na hapo hujapakia hata debe moja. Weka bolti, zishike tu. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze. Mimi ningenunua za mpira tena na kuzifunga hivyo kabla ya kwenda kwa mkereza.

Kuzitoa za zamani, usikubali wachome moto. Jicho likipata joto kali jani la springi linapoteza ugumu wake. Toboa mpira, pitisha jino la msumeno wa chuma ndani, kata bomba la nje kwa urefu taratibu usifike kwenye jicho, kisha likunje kwa patasi. Litatoka.

Mzee_wa_Gerezani
Kijana, hiyo sakafu usizibe kwa aluminiamu. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu kwa sababu mwaka 1948 walipoanza, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao. Lakini ukuta wa mbele pamoja na hapo unapoweka miguu ni chuma. Ukivikutanisha viwili hivyo na unyevu ukaingia katikati, aluminiamu inageuka unga mweupe. Tafuta bati la chuma la milimita 1.5, ukate mpaka ufike kwenye chuma kizima kinacholia ukikigonga, ndipo uchomelee. Yako ni pikapu, tangi la mafuta lipo chini ya kiti cha mbele. Litoe kabisa, usidanganyike kwamba umelifunika na gunia bichi.

Mwenye_109
Shikamoo mzee, asante. Na gasketi nazo je? Fundi anazikata mwenyewe.

Mzee_wa_Gerezani
Marahaba. Za kifuniko cha taimingi au pampu ya maji, akate: alaze karatasi ya gasketi juu ya kifuniko, agonge ukingoni kwa nyundo ya duara mpaka alama itoke, amalize kwa mkasi. Ya silinda hedi anunue. Na mipira ya breki hakuna mtu wa kuitengeneza gereji, hata akiapa.

Mwenye_109
Nimeelewa. Nachukua za mpira, nakaza gari likiwa chini. Bolti nipake grisi?

Mkereza_Vyuma
Paka kwenye mwili wa bolti, ndani ya bomba tu, la sivyo kutu italishika na siku ya kufungua utamtafuta mtu wa gesi. Ila isiguse mpira, grisi ya kawaida inaulainisha.