Nimeombwa kuwa mkalimani kwenye safari ya kupima masikio Mwanza: niende au nitume nauli?

Mchagga_wa_Theluji:

Habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni.

Mimi mzaliwa wa Moshi, huku Minnesota nina mwaka wa kumi na moja. Niko mapokezi kwenye kliniki ya masikio: naandikisha wagonjwa, nabadilisha betri, nasafisha mashine zilizoziba nta. Udaktari sijasomea. Sasa bosi wangu na wenzake wanaandaa safari ya kujitolea, wiki mbili mwezi wa saba, kwenda vijiji vya Mwanza kupima watu usikivu na kuwapa mashine za kusikia. Wameniomba niwe mkalimani kwa sababu Mswahili waliye naye ni mimi tu. Kila mtu anajilipia, kama dola 3,200 tiketi ikiwemo.

Kikaoni tulionyeshwa takwimu za Shirika la Afya Duniani: watu milioni 430 wana tatizo la kusikia linalohitaji huduma, karibu asilimia 80 yao wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Mimi nikamkumbuka marehemu bibi. Ukimwambia "bibi, mvua inakuja," anajibu "mwambie apite ndani." Wajukuu tulikuwa tunacheka mpaka tunajikunja. Leo hainichekeshi sana.

Mume wangu kasema neno moja: hela hiyo ni ada ya mtoto wa dada yako. Na kweli. Kwa hiyo nawauliza mlioziona hizi kambi kwa macho yenu: zinasaidia, au tunakwenda kupiga picha? Na mkalimani anafanya nini hasa siku nzima?

Mpita_Njia:

Ada kwanza. Mwanza haihami.

Tabibu_wa_Ziwani:

Marahaba, kwa niaba ya wazee wa humu.

Dada, mimi ni tabibu hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa, nimewekwa upande wa masikio. Kambi za namna hiyo nimezipokea mara tatu. Nikueleze moja tu.

Wageni walikuwa watu wazuri, wachapakazi, wanakula ugali bila kulalamika. Siku tatu tulikaa kwenye madarasa ya shule ya msingi. Siku ya pili mvua ikagonga bati, hakuna kipimo kilichofaa mpaka saa tisa, maana mlio mdogo wa kwenye mashine utausikiaje bati likilia vile? Pamoja na hayo wazee wengi waliondoka na mashine sikioni na betri za akiba mfukoni.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja wa kujitolea. Akaona wazee wanahangaika na kile kistika kilichobandikwa juu ya betri, kucha hazishiki. Kwa huruma tu akakaa kwenye benchi akabandua vistika vyote, karatasi baada ya karatasi, akawafungashia. Wewe unayebadilisha betri umeshajua kilichofuata. Zile betri zinatumia hewa. Ukibandua hewa inaingia, na betri inaanza kuisha hata ukiilaza kabatini. Ukirudishia kistika umechelewa. Akiba ya miezi ikafa ndani ya wiki chache. Bibi mmoja akaja ofisini kwangu kwa miguu, akafungua pindo la kanga, akatoa mashine iliyofungwa kwa kipande cha gazeti, akaiweka mezani. "Daktari, imekufa. Nimewaletea maiti yenu."

Sikuwa na betri hata moja. Wageni walishapanda ndege.

Ndiyo maana sikwambii uende wala usiende. Muulize bosi wako: mkiondoka, nani anabaki na betri, na jina lake nani? Akikutajia mtu wa pale pale wilayani, nenda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2024 unaokubali wahudumu wasio mabingwa, wakifundishwa, watoe mashine hizi. Wiki moja ya hizo mbili ikitumika kufundisha wauguzi wawili wa hapo, hiyo dola 3,200 haikupotea.

Kuhusu ukalimani. Mzee anaambiwa ainue mkono akisikia mlio. Mzee wa Kisukuma ana adabu zake: anamwona mgeni katoka mbali, anamtazama usoni, mgeni akibonyeza kitufe nyusi zinapanda, mzee anainua mkono. Hajasikia kitu, anamfurahisha mgeni. Karatasi inaandika anasikia vizuri! Mgeuze kiti atazame ukutani. Mwambie hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Halafu ujue wazee wengi kule Kiswahili chao ni cha kuombea maji, tafuteni kijana wa Kisukuma akae kati yenu. "Mwangaluka" ya asubuhi uiseme mwenyewe, utapendwa.

Usiulize "uliwahi kutumia dawa gani." Atasema hapana. Uliza: uliwahi kulazwa ukachomwa sindano siku nyingi? Za kifua kikuu? Uliwekewa dripu ya kwinini masikio yakapiga kelele? Streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini zinaua usikivu, na hakuna aliyeyashika majina hayo. Kwa mtoto, uliza homa ya uti wa mgongo, surua, manjano ya uchanga.

Na kabla ya mashine yoyote sikio lichunguliwe. Wapo wanaohitaji kutolewa nta tu wakaenda zao. Kwa watoto utakuta ushanga, punje ya mahindi. Sikio linalotoka usaha usikubali lizibwe, litibiwe likauke kwanza, na ngoma ikiwa imetoboka lisipigwe maji. Vibali waanze mapema: madaktari wageni wanahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, vifaa vya msaada vinapitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Nimeona maboksi yakikaa uwanja wa ndege kambi nzima ikaisha.

Mama_Pacha_Musoma:

Tabibu kasema betri, mimi niseme kizibo, kile cha plastiki kinachotengenezwa kwa kipimo cha sikio la mtu. Kulwa wangu alipewa mashine kwenye kambi akiwa na miaka mitano. Wiki ile aliita jina la pacha wake kutoka uani, Doto akaitika, nikakaa chini. Sitasahau. Lakini mtoto anakua na sikio linakua. Baada ya miezi kadhaa kizibo kikalegea, mashine ikaanza kupiga mluzi. Darasani wenzake wakamwita Filimbi. Mwalimu akasema aivue, inasumbua. Akaivua. Kizibo kipya ilikuwa mpaka nipande basi kwenda Mwanza mjini, na siku ile sikuwa na nauli, na siku iliyofuata pia. Waambie waliofundishwa kuchukua kipimo cha sikio wabaki huku, hata mmoja.

Mikono_Inasema:

Mimi ni kiziwi, nimesoma shule ya viziwi Buguruni. Naandika ninavyoongea na mikono, mnivumilie.

Kambini niliwekewa mashine nikiwa na miaka tisa. Sauti ilikuwa kubwa, iliuma. Nikalia. Wakapiga video, wakasema analia kwa furaha. Mama hakujua Lugha ya Alama, akaamini wao.

Dada mkalimani, utakalimani wa nani? Kiziwi akija, wewe na Kiswahili chako hamumsaidii. Waambie CHAVITA, chama cha viziwi, mapema, watafute mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Mtoto asiyefaidika na mashine mwonyesheni mzazi shule, asirudi nyumbani mikono mitupu. Wengine Muhimbili wanapandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio, tangu 2017, lakini si kila mtoto na umri unahesabiwa. Na "bubu" msiite mtu.

Mchagga_wa_Theluji:

Nimesoma yote mara mbili, ya mwisho mara tatu. Samahani, Mikono. Kwenye kazi yangu tuna ukuta mzima wa picha za watu wanaolia siku ya kuwekewa mashine.

Nimempelekea bosi swali la tabibu. Alikaa kimya, kisha akasema walikuwa wanapanga kumwachia mchungaji boksi. Nikamuuliza mchungaji anajua kuchukua kipimo cha sikio? Akacheka, lakini hakujibu. Tuna kikao Jumapili. Wakikubali kukaa wiki ya pili hospitali ya wilaya kufundisha, nakwenda. Wakikataa, mtoto wa dada anakwenda bweni na mume wangu anashinda kesi.

Tabibu, hata nisipokuja naweza kutuma betri na mtu anayekuja Agosti. Mnatumia namba ngapi?

Tabibu_wa_Ziwani:

13, zenye kistika cha rangi ya chungwa, na 675 za bluu kwa mashine kubwa. Angalia tarehe nyuma ya karatasi. Ukiweza weka na mirija ya vizibo, ile myembamba. Ikishakakamaa na kupasuka huku tunaifunga kwa plasta.