Kidole kwenye jagi la maziwa! Huyu mteja ametushinda

Bomba la Mvuke: Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Yule bwana mnamjua, maana kila mgahawa wenye mashine ya espreso hapa Dar umeshampokea: kikombe kimoja, masaa manne, meza ya karibu na soketi. Leo amevuka mpaka. Mkono umenyooshwa juu ya kaunta, ukapita keki, ukapita sukari, ukapita nusu ya Kinondoni, akachovya KIDOLE kwenye jagi la maziwa. Akakilamba. Akasema, "Haya hayana moto."

Kidole, wakuu. Kwenye jagi la watu.

Hapo kapuchino yake, yaani espreso (kahawa nzito ya mashine) iliyomiminiwa maziwa ya povu, ilikuwa imesharudishwa mara mbili, "pasha tena". Haipashwi! Maziwa ya kapuchino yanatoka kwenye friji yakiwa baridi. Ncha ya bomba la mvuke inakaa juujuu sekunde chache ivute hewa, jagi likianza kuwa vuguvugu unaizamisha maziwa yazunguke, unafunga mvuke yakifika nyuzi 60 hadi 65. Ukipitisha 70, utamu unapotea, povu linakatika na kuwa mapovu ya kufulia, harufu inageuka ya yai la kuchemsha. Na yakishapigwa mvuke mara moja hayabebi tena povu la maana. Halafu mvuke ni maji: kila ukirudia unayazimua. Kwa hiyo anayesema "pasha tena" mara mbili ndiye huyo huyo atakayesema "mmetia maji". Na amesema! Ndipo kikaja kile kidole.

Anayetaka moto aseme wakati wa kuagiza: kikombe kisuuzwe kwa maji ya moto, povu lipunguzwe, maziwa yafungwe kwenye 70. Au aagize chai ya maziwa, ile inachemka mpaka inataka kuruka sufuria. Kidole hakihusiki popote.

Jagi lilikuwa na maziwa ya vikombe viwili, kimoja cha dada aliyekuwa kwenye foleni. Yote yamemwagwa. Jagi likaoshwa, gramu 18 nyingine za kahawa zikasagwa, kwa sababu espreso iliyosubiri dakika kadhaa krema yake, lile povu la kahawia la juu, imeshazama. Mhudumu anapimwa afya ndipo aguse chakula cha watu. Kidole kile kimepimwa wapi?

Mteja wa Kudumu: Aya zote hizi kwa kidole kimoja? Mteja ni mfalme, acha kulialia.

Binti Kaunta: Mfalme gani anakoroga maziwa ya jirani? Ila mleta uzi, na wewe una kosa. Jagi linakaaje mahali mkono wa mteja unafika? Liwe nyuma ya kisagio, upande wa mashine. Kaunta ibaki na keki tu, tena chini ya kioo.

Povu Jingi: Kupita keki, sukari na Kinondoni, hicho ni kidole au mwiko wa ubwabwa wa harusi? Weka picha.

Bomba la Mvuke: Picha ya nini? Kidole kimezama mpaka kiungo cha pili! Na AKAKILAMBA!

Mzee wa Dele: Nyie mna kaunta, mna kioo. Njooni kijiweni kwenye kahawa chungu. Mtu anakunywa vikombe vitano, anakula kashata mbili, mjadala wa Simba na Yanga ukipamba moto anasimama, "Vitatu, mzee." Dawa yake hii: usiokote kikombe mpaka alipe. Vikombe vitupu vibaki mbele yake, ndilo daftari lenyewe.

Binti Kaunta: Afadhali huyo wa vitatu, analipa. Kuna wa "nimeshatuma". Anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake, jina la mgahawa sahihi, kiasi sahihi, pesa hakuna. Usisome simu ya mteja hata siku moja. Subiri ujumbe uingie kwenye simu ya kaunta, linganisha namba ya muamala, ndipo utoe kikombe.

Mama Moto Mdogo: Vidole mnavyoviona ni vya maziwa tu? Wa chapati je? Anabonyeza ya juu, anabonyeza ya kati, anafika mpaka ya chini kabisa, halafu anachukua ile ya juu! Kumi zimebonyezwa, moja imenunuliwa. Ziwekeni kwenye hotpoti, kifuniko kifungukie upande wenu, koleo mshike nyie.

Mteja wa Kudumu: Zinabonyezwa kwa sababu ni ngumu. Mngekanda vizuri nani angebonyeza?

Mama Moto Mdogo: Ngumu kwa sababu zinaachwa wazi zikakauka! Kilo moja ya unga, maji ya vuguvugu nusu lita na kidogo, mafuta vijiko vitatu, chumvi. Kanda dakika 10, funika, acha nusu saa ndipo ukate madonge. Wengi wanaruka hiyo nusu saa, donge linavutika linarudi kama mpira, wanaongeza unga mkavu kwenye kibao. Hapo ndipo ugumu unapoingia.

Povu Jingi: Kilo moja inatoa ngapi?

Mama Moto Mdogo: 12 za kushiba.

Mzee wa Dele: Huku kwetu wanatoa 20. Ukiinyanyua unamwona aliyekaa upande wa pili.

Bomba la Mvuke: Wakuu, kidole! Kwenye jagi!

Povu Jingi: Mama, hayo maji ni vuguvugu au ya moto kabisa?

Mama Moto Mdogo: Vuguvugu. Ya moto kabisa yanaivisha unga kabla ya kikaango, na utaungua vidole.