Naomba ushauri: komedi ya marafiki wa kike na kiume, watu wanataka waoane

Habari zenu wakuu, nipo Tanga hapa Ngamiani. Mimi na wenzangu tunaandika komedi ya vipande vifupi kuhusu mwanaume na mwanamke walioshibana kiurafiki tu, hakuna mapenzi. Mfano tunaoupenda ni Platonic, komedi ya mfululizo ya Apple TV+ iliyoanza 2023, Rose Byrne ni Sylvia mwenye mume na watoto watatu, Seth Rogen ni Will aliyeachana na mkewe, wanapatana tena baada ya kununiana miaka, na kwa kweli wameitendea haki maana unacheka vituko vyao wala husubiri wabusiane.

Sasa yetu tukiwaonyesha watu mtaani, kuna kipande jamaa anamtolea mwenzie miiba ya samaki sahanini, basi wote wanauliza wataoana lini!! Tumempa dada mume, wakasema huyo jamaa mchepuko, tukawafanya majirani tangu utotoni ndo kwanza wakazidi. Kuwafanya ndugu sitaki, urafiki wenyewe ndo stori.

Naombeni mnisaidie, mume awe anamjua na kumkubali huyo rafiki toka mwanzo au aje ajue baadae? Na marafiki wa hivi huku kwetu Pwani wanafanyiana nini ambacho mtu akiona hafikirii mapenzi?