Ushauri: gati la Hythe kwa reli ya mfano, nikate wapi?

Kibehewa: Wakuu, salaam. Niko Southampton, Uingereza, na kinachoniwasha ni gati la Hythe hapo ng'ambo ya maji: mita 640 za nguzo na mbao, na katreni ka umeme kalikoanza kupeleka abiria kwenye boti 1922. Vichwa vyake vya treni viliundwa 1917 kwa kiwanda cha gesi ya sumu ya haradali huko Avonmouth! Nataka kulijenga kwa kipimo cha 1:76, reli ya upana wa milimita 9, kwa vipande vya kuunga vinavyoingia kwenye buti ya gari. Sasa gati zima linatoka mita 8.4 na sebule yangu ina mita 4. Nikate wapi? Na maungio nifiche vipi, maana baharini hakuna kichaka wala ukuta?

FundiWaPwani: Shukuru hukupenda la Southend, lile lina zaidi ya kilomita 2, ungetafuta ukumbi wa mita 28. Kata katikati. Sura ya gati iko kwenye ncha zake, kituo cha nchi kavu na pale pa kufungia boti. Kwingine ni nguzo zilezile. Vipande vya kati vyote vifanane, sentimita 90 kila kimoja, chochote kiungane na chochote. Nyumbani unaweka viwili, siku ya maonyesho unaongeza. Upana usiuguse: futi 16 ni milimita 64 tu, ukipunguza watu hawana pa kupita.

BiTaruma: Mimi sikubali kukata. Gati bila urefu ni jukwaa tu. Kwa nini usishuke 1:148? Litatoka mita 4.3, unahamisha kochi, unaliweka kimshazari, mambo yanaisha.

FundiWaPwani: Dada, upana wa reli yenyewe ni futi 2. Kwa 1:148 ni milimita 4 na kidogo. Hiyo anainunua duka gani?

BiTaruma: Haya, hapo umenishika. Basi ndugu, fanya maji kupwa. Bamvua likijaa sakafu iko kama futi 4 juu ya maji, milimita 16 kwenye mfano wako, nguzo zote zimezama. Maji yakitoka unapata nguzo ndefu zenye mwani, na tope. Tope lina mifereji. Pitisha mfereji juu ya ungio, nani ataliona? Maji ya kung'aa yanaanika kila ufa.

MzeeReli: Vijana mmesahau kilicho kigumu. Kwenye meza ya kawaida reli imelala juu ya ubao, hapa imening'inia. Ukifunga bolti chini usawa wa tope peke yake, huku juu reli zitapishana na behewa litaanguka. Ficha upau wa alumini wenye umbo la L chini ya sakafu kama uti wa mgongo, na pini za kulenganisha ziwe kwenye upau huo. Mwishoni mwa kila kipande weka mataruma (vile vipande vya kulalia reli) yenye utando wa shaba, kwangua shaba katikati ili reli mbili zisipige shoti, lehemu reli juu yake, ndipo ukate kwa msumeno mwembamba vipande vikiwa vimeungwa. Nyaya mbili zipite chini mwanzo hadi mwisho, kila kipande kichote umeme wake. Reli ya tatu, ile ya kuleta umeme kwenye gati halisi, iwe pambo.

Kibehewa: Asante sana mzee. Kichwa nakiweka upande wa nchi kavu kama wao, kisukume mabehewa kwenda baharini?

MzeeReli: Ndiyo. Kwa hiyo behewa la mbele litie uzito, na ujaribu kusukuma kwenye maungio kabla hujapaka rangi yoyote.